Tutunze Majani ya Chai: Somo kwa Nyumba na Vikundi

Masomo yetu mengi huwa ni ya mahindi, mbuzi, maji na mikopo ya vikundi. Leo tumechagua kitu kidogo ambacho hakikosi karibu katika kila nyumba, nacho ni majani ya chai. Mwingine atasema, majani ya chai nayo yana somo gani? Si unanunua, unatia kwenye mkebe, yakiisha unatuma mtoto dukani?

Hebu tufanye hesabu kwanza. Tuseme nyumba yako inatumia pakiti ya gramu 500 kwa siku 30, kwa kipimo cha vijiko viwili kila sufuria. Majani yakichapwa, rangi haitoki vizuri na ladha haipo, kwa hivyo mpishi anaongeza kijiko cha tatu. Sasa pakiti ile inaisha kwa siku 20. Kwa mwaka, pakiti 12 zimekuwa 18. Zile 6 za ziada hazikunywewa na mtu yeyote. Zimelipia rafu mbaya na kifuniko kilicholegea. Na kwa mama anayeuza chai na mandazi pale stendi, hasara hiyo anaipata kwa majuma, hangoji mwaka. Tena mteja hamwambii kwamba chai yake imeharibika. Anahamia kibanda cha pili tu.

KISA CHA KIKUNDI

Kuna kikundi cha akina mama katika eneo letu, hatutakitaja, ambacho kilichanga pesa kikanunua kilo 20 za majani ya kupima kutoka kwa mfanyabiashara aliyeyaleta kutoka bara. Nia yao ilikuwa nzuri. Kukitokea matanga au harambee, chai isiwe taabu, na yanayobaki wanachama wauziane kwa bei nafuu. Mwanachama mmoja alipeleka nusu kilo kwake siku ile ile. Mengine yote yaliwekwa stoo ndani ya gunia la nailoni, pamoja na jerikeni ya mafuta ya taa, sabuni ya unga na samaki wakavu.

Ikapita kama miezi minne, wakapata msiba. Sufuria kubwa zikatelekwa, chai ikaandaliwa, na watu wakanywa nusu kikombe wakaweka chini. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mama, maji haya mmeyateka wapi?" Waliopika wakaona haya. Baada ya matanga yakaanza maneno. Ati mweka hazina alinunua majani hafifu akabaki na chenji. Mama wa watu hakuwa na risiti, kwa maana majani ya kupima mara nyingi hayana risiti, na mkutano uliofuata haukufika mwisho.

Tulipoitwa tusuluhishe, tuliuliza kama kuna mtu bado ana majani ya mzigo ule ule. Yule aliyechukua nusu kilo alikuwa bado na kiasi, ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga lenye kifuniko kinachobana. Tukachemsha maji ya chombo kimoja, tukatia kijiko kimoja cha majani ya gunia katika kikombe hiki, na kijiko kimoja cha majani ya kopo katika kile, tukafunika dakika 6, bila maziwa wala sukari. Kila mwanachama akaonja. Chai ya kopo ilikuwa nyekundu, kali, safi. Chai ya gunia ilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, na nyuma ya ulimi kulikuwa na mafuta ya taa. Mzigo mmoja, mfanyabiashara mmoja, bei moja. Mweka hazina alilia pale pale, na hapakuwa na haja ya sisi kusema zaidi.

Jaribio hilo si uganga wetu. Waonjaji wa chai hufanya karibu vivyo hivyo: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, kisha wanaonja. Nyumbani kijiko na kikombe vinatosha, mradi pande zote mbili vipimo viwe sawa.

KWA NINI MAJANI HUHARIBIKA

Sisi wa Taita Taveta hatuna viwanda vya chai, lakini chai ya nchi hii tunaiona ikitupita. Malori yanatoka Kericho, Nandi, Kisii, Murang'a na Meru, yanapita Voi kwenye barabara kuu kuelekea Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu 1969. Chai hiyo husafirishwa katika magunia ya karatasi nzito ya tabaka kadhaa, na ndani yake kuna utando wa alumini. Zamani yalikuwa masanduku ya mbao nyembamba, nayo pia yalitandikwa karatasi ya kung'aa ndani. Kwa nini wenye viwanda waingie gharama hiyo yote? Kwa sababu wanajua majani yana kiu.

Kiwandani majani hukaushwa mpaka katika kila kilo 100 maji yabaki kama kilo 3 tu. Kitu kikavu namna hiyo kikikaa wazi huvuta unyevu kutoka hewani, hata kama wewe hauoni unyevu wowote. Na unyevu ukiingia, zile kemikali zinazoipa chai wekundu wake na ukali wake huanza kubadilika upesi. Joto huharakisha kazi hiyo. Mwanga huharibu manukato. Hewa nayo hufanya kazi yake polepole kila unapofungua kifuniko.

Tena majani yetu mengi ya Kenya hayako mazima kama yale marefu ya Wachina. Hukatwa, huchanwa na kukunjwa na mashine yakawa chembe ndogo ndogo. Ndiyo sababu chai yetu hutoa rangi haraka hata kwa majani machache. Lakini chembe hizo zina pande nyingi zilizo wazi, na pale rangi inapotokea ndipo unyevu na harufu huingilia.

Harufu ndiyo adui tunayemdharau kuliko wote. Majani ya chai hunyonya harufu kama kitambaa kinavyonyonya maji. Ndiyo maana yakiwekwa na maua ya yasmini hunukia yasmini, na watu wa mbali huyauza hivyo kwa bei kubwa. Basi ukiyaweka na sabuni ya unga, utakunywa sabuni. Ukiyaweka na vitunguu au dawa ya mbu, utakunywa hivyo. Na harufu ikishaingia haitoki tena, hata uchemshe namna gani.

VOI SI WUNDANYI

Hapa ndipo ushauri unaotoka mbali hautufai sana. Unaambiwa "weka mahali pakavu penye ubaridi", basi. Jimbo letu lina hewa za namna mbili au tatu.

Voi, Maungu, Mwatate ya chini na Taveta kuna joto, na mchana mara nyingi linapita nyuzi 30. Nyumba nyingi ni za mabati bila dari. Ukiweka mkebe kwenye rafu ya juu karibu na bati, saa nane mchana majani yako yako ndani ya tanuri. Kwa hivyo huku chini tunasema shusha mkebe. Uweke kwenye kabati la chini au kwenye kisanduku cha mbao, upande wa ukuta usiopigwa na jua la jioni. Usiuweke juu ya sakafu tupu, uinue kidogo kwa kibao, kwa sababu ya mchwa na ya maji mtoto anapopiga deki. Na vumbi letu jekundu mnalijua wenyewe: kifuniko kisichobana hulikaribisha.

Wundanyi, Werugha, Mgange na vijiji vilivyo chini ya Vuria, kilele cha mita 2,208, joto si shida. Shida ni ukungu na mvua. Asubuhi nguo haikauki, chumvi inashikana, kiberiti kinakataa kuwaka. Kiberiti kikikataa, ujue na majani yanakunywa unyevu ule ule. Huko weka mkebe mbali na ukuta wa mawe au wa udongo, ndani zaidi ya nyumba, na uwe na kifuniko kinachobana kweli kweli. Usinunue akiba kubwa ya majani ya kupima katika miezi ya mvua na baridi. Nunua kidogo kidogo.

Wenye friji wasijaribu kuweka majani humo. Ukitoa mkebe baridi katika joto la Voi na kuufungua, hewa ya joto hugeuka matone ya maji juu ya majani, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Tena friji imejaa harufu za vyakula.

Na jambo moja kando: maji. Katika sehemu nyingi za bondeni visima vina maji ya chumvi. Maji hayo huifanya chai iwe ya kijivu kidogo na kuweka utando juu ya kikombe, hasa chai ya rangi. Kabla hujalaumu majani au duka, pika kikombe kimoja kwa maji ya mvua. Kikitoka vizuri, kosa ni la kisima.

MKEBE GANI?

Kopo la bati lenye kifuniko cha kubana ndilo tunalopenda, hasa la maziwa ya unga. Halipitishi mwanga, halina harufu, na linafunga. Angalia kutu ndani ya ukingo. Ikiwa ipo, tafuta jingine.

Mikebe ya mafuta ya kupikia imekuwa vyombo vyetu tangu utoto. Hakuna nyumba ya Kenya isiyojua mkebe wa Kimbo. Lakini mafuta hukaa kwenye plastiki, yakichacha hunuka, na majani huipata harufu hiyo. Mkebe wa siagi ya mkate ni vivyo hivyo. Kama huna kingine, uoshe kwa maji moto na sabuni, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, uanike juani siku nzima ukiwa wazi. Kisha tia ndani kijiko cha majani ya zamani usiyoyahitaji, ufunge siku mbili, halafu uyamwage. Majani hayo yatavuta harufu iliyobaki, yaani tabia mbaya ya majani tumeigeuza kuwa kazi. Baada ya hapo funga mkebe mtupu usiku mmoja, na asubuhi fungua unuse. Ukinusa kitu chochote, mkebe huo uwe wa misumari.

Chupa ya kioo ni safi na haina harufu, lakini mwanga unapita. Itumie ikiwa inakaa ndani ya kabati lenye giza. Wengine huiweka dirishani kwa sababu inapendeza, na hapo ndipo inapoharibu. Chungu cha udongo hupumua na huleta unyevu. Kibuyu hunuka moshi, jambo ambalo ni zuri kwa maziwa ya mgando, si kwa majani.

Ukubwa wa mkebe nao ni muhimu. Majani kidogo ndani ya mkebe mkubwa hukaa na hewa nyingi. Ni afadhali mikebe miwili, mdogo wa kila siku unaotosha juma moja au mawili, na mkubwa wa akiba unaofunguliwa tu wakati wa kujaza mdogo.

JIKONI

Sasa tunafika mahali ambapo majani mengi huharibika hata yakiwa na mkebe mzuri. Angalia mama anavyopika chai. Sufuria inachemka, mvuke unapanda, naye anashika mkebe uliofunguliwa juu ya mvuke ule na kumimina majani kwa kutikisa. Kila siku, mara mbili, mvuke unaingia ndani ya mkebe. Kwa mwezi ni mara 60! Chota majani mbali na jiko, kwa kijiko kikavu, funga mkebe kwanza, ndipo uende kwenye sufuria. Kijiko kilichokoroga maziwa kisirudi ndani ya mkebe. Na rafu iliyo juu ya jiko, ambayo ndiyo ya karibu na kila mtu anaipenda, ina moto, moshi na mvuke kwa pamoja. Wanaotumia stovu ya mafuta ya taa ndio waangalie zaidi.

Sukari na majani visikae katika chombo kimoja. Sukari huvuta maji na sisimizi. Iliki, mdalasini na tangawizi kavu viwe na vikopo vyao. Ukipenda majani yenye iliki, changanya ya siku chache tu, kwa sababu mgeni asiyetaka viungo naye ana haki ya kikombe chake.

Na usimimine majani mapya juu ya yale ya zamani. Maliza ya zamani kwanza, pangusa mkebe kwa kitambaa kikavu, ndipo utie mapya. La sivyo chini ya mkebe kutakuwa na majani ya mwaka jana yanayoharibu kila mzigo.

DUKANI

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, majani ya kupima mara nyingi hufungwa kwa karatasi. Hatulalamiki, maana mbuzi wetu wamepumua. Lakini karatasi haizuii unyevu wala harufu, kwa hivyo majani ya namna hiyo yahamishiwe mkebeni mara tu ufikapo nyumbani, si baada ya siku tatu. Na unapoyanunua, angalia yamewekwa jirani na nini. Majani ya kupima yaliyo wazi karibu na pampu ya mafuta ya taa, hata yakiwa nafuu, yaache.

Pakiti ya kiwandani isiyofunguliwa hukaa muda mrefu, soma tarehe iliyoandikwa. Ikishafunguliwa, kwa joto la huku chini tunashauri itumike ndani ya mwezi mmoja au miwili. Kwa hiyo nyumba ya watu wawili inapata faida gani kununua pakiti kubwa? Bei kwa gramu ni nafuu, ni kweli. Lakini kama nusu yake itanyweka ikiwa imechapwa, unafuu uko wapi?

Kwa vikundi vinavyoweka akiba ya matanga, ushauri wetu ni mmoja: nunueni pakiti zilizofungwa na kiwanda, hata kama zinazidi bei kidogo, mziweke kwenye ndoo safi yenye kifuniko, na mfungue tu zile za siku hiyo. Risiti ibaki na katibu. Andikeni tarehe ya kununua juu ya kila pakiti kwa kalamu, na zile za kwanza zitoke kwanza. Mafuta ya taa yasilale chumba kimoja na chakula chochote.

YAKISHAHARIBIKA

Shika majani kidogo katikati ya vidole usugue. Makavu huvunjika na kutoa sauti ndogo. Yakiwa laini na yanashikana, yamepata unyevu. Yakiwa na unyevu lakini hayana harufu mbaya wala kuvu, yakaushe kwenye sufuria kavu, moto mdogo sana, ukikoroga dakika chache, yaache yapoe kabisa kabla ya kufunga. Hayatarudi kuwa mapya, ila yatanyweka.

Lakini ukiona utando mweupe au wa kijani, au ukinusa uvundo wa stoo ya zamani, tupa. Hapa tunawaomba msione huruma. Wapo wanaosema chai inachemshwa, kuvu itakufa. Kuvu hufa, sumu yake huenda isife. Mwaka 2004 majirani zetu wa Makueni na Kitui walikula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na watu 125 wakafariki, na mahindi yale yalikuwa yamepikwa. Hayo yalikuwa mahindi, si chai, na kikombe cha chai hakina majani mengi. Hata hivyo hakuna sababu ya mtu kujaribu bahati yake kwa majani ya shilingi ishirini. Yapelekeni kwenye shimo la mbolea, migomba itayapokea.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama afungue mkebe wake asubuhi, kabla ya moto kuwashwa, anuse, asugue majani kwa vidole, na akumbuke mkebe huo hukaa wapi saa nane mchana. Alete kijiko kimoja cha majani yake ndani ya karatasi safi. Mwenyekiti alete pakiti mpya moja, vikombe vyeupe, na birika la maji ya mvua. Pikeni vikombe vyote kwa kipimo kimoja na dakika 6, bila majina juu ya vikombe, kisha mwonje. Jadilianeni ni kipi kimeshinda na mkebe wake ulikaa wapi. Na mjadiliane pia: akiba ya kikundi iko katika stoo ya nani, na imekaa na vitu gani?